Njia ya mwanamke kwenda ukamanda wa polisi hukatikia wilayani

Tangu Machi 2021 Tanzania ilipopata Rais mwanamke, na Septemba mwaka huo huo Stergomena Tax alipokabidhiwa Wizara ya Ulinzi, swali la lini Jeshi la Polisi litaongozwa na Inspekta Jenerali (IGP) mwanamke halijatulia. Orodha ya mabadiliko ya makamanda ikitoka, watu huanza kuhesabu majina ya kike. Huku Mtwara na Lindi nako wapo wanaosema wakati umefika, na wapo wanaosema kazi hiyo haifanyiwi majaribio. Pande zote mbili zimeinua macho kwenye kiti kimoja kinachojazwa kwa uteuzi wa Rais, na hapo ndipo zinapokosea. Mwanamke askari hazuiliwi sana mlangoni siku hizi, na akifika karibu na kilele hakosi wa kumuunga mkono. Anapotelea katikati, katika miaka ambayo ofisa anapaswa kukabidhiwa kituo, kisha upelelezi wa wilaya, kisha wilaya nzima. Asiyepita hapo hawezi kuwa kamanda wa mkoa mwenye uzito, na nchi isiyo na makamanda wa kike wa kutosha mikoani itakuwa inabahatisha jina la IGP, haichagui.

Ngazi yenyewe ina vyeo 15. Anayeingia kwa ajira ya kawaida huanza Konstebo, kisha Koplo, Sajenti, Stesheni Sajenti na Sajini Meja. Baada ya hapo kuna mpaka mkubwa wa kwanza, kwa sababu anayeuvuka anakuwa Mkaguzi Msaidizi, halafu Mkaguzi, Mrakibu Msaidizi, Mrakibu na Mrakibu Mwandamizi. Juu yao wapo Kamishna Msaidizi, Kamishna Msaidizi Mwandamizi, Naibu Kamishna, Kamishna, na mwisho IGP. Kamanda wa Polisi wa Mkoa, RPC, kwa kawaida hutoka miongoni mwa Makamishna Wasaidizi au Makamishna Wasaidizi Waandamizi, maana yake amekwisha panda hatua 10 kabla hajakabidhiwa mkoa. Hatua nyingi kati ya hizo zinadai kozi ya kukaa bweni katika Shule ya Polisi Moshi au chuo kingine cha jeshi, na kozi hizo zina gwaride, shabaha na mazoezi ya viungo pamoja na masomo ya sheria na uongozi. Nafasi hutegemea bajeti na ikama. Aliyekosa mkupuo mmoja hana uhakika wa mkupuo unaofuata, na mwenzake aliyeajiriwa naye siku moja anaweza kumtangulia cheo hadi wote wawili watakapostaafu.

Sasa linganisha ngazi hiyo na masharti ya kuingilia. Matangazo ya ajira ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji mwanamke awe na urefu usiopungua futi 5 na inchi 4, mwanamume futi 5 na inchi 8, na wote wawe hawajaoa, hawajaolewa wala hawana mtoto, tena wawe tayari kufanya kazi popote nchini. Sharti la kutokuwa na mtoto linawahusu wote kwa maandishi, lakini mzigo wake haulingani. Binti anayeingia jeshini akiwa na miaka 20 na kitu bila ndoa wala mtoto atajenga familia katika miaka ile ile ambayo wenzake wanakwenda kozi ya Koplo, ya Sajenti na ya Mkaguzi Msaidizi. Mimba moja iliyoangukia tarehe ya kozi ni mkupuo uliokosekana. Mimba mbili ni miaka kadhaa ya cheo. Baba wa mtoto huyo huyo, kama naye ni askari, hakosi hata gwaride moja. Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo mfanyakazi wa benki au wa kiwandani huitegemea kwa likizo ya uzazi na muda wa kunyonyesha, imewaondoa waziwazi askari polisi, pamoja na wanajeshi na askari magereza. Haki za uzazi za polisi mwanamke zimo katika kanuni na maelekezo ya utumishi wa jeshi lenyewe. Hata pale kanuni inapokuwa nzuri, anayeamua kila siku kama askari aliyerudi kutoka uzazi apangiwe doria ya usiku au asubiri ni mkuu wa kituo, na kwake hakuna mkaguzi wa kazi anayebisha hodi.

Kinachofuata ni mgawanyo wa kazi, na hapa ndipo njia inapokatika hasa. Katika kituo cha polisi kuna kazi zinazojenga rekodi ya ukamanda na kuna kazi zinazolifanya jeshi liende bila kumjengea mtu rekodi hiyo. Za kwanza ni zamu ya kituo, operesheni, doria, upelelezi wa makosa makubwa, usalama barabarani na uongozi wa kikosi. Za pili ni masijala, uhasibu, mapokezi, mawasiliano na Dawati la Jinsia na Watoto. Maofisa wa kike wamejaa zaidi katika kundi la pili, na sababu inayotolewa mara nyingi ni ya huruma: ana watoto wadogo, mumewe yuko mjini, usiku si salama. Huruma hiyo ina gharama isiyoandikwa popote. Ofisa aliyekaa masijala kwa miaka minane akiwa na mafaili safi kabisa hana operesheni hata moja jina lake likiwa juu, na siku Makao Makuu yanapotafuta mkuu wa polisi wa wilaya, jina lake halitajwi, wala hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Zamani dawati la mashtaka liliwapa wanawake wenye shahada ya sheria nafasi ya kuonekana, kwa kuwa ofisa alisimama mahakamani na kazi yake ikapimika kwa hukumu. Mashtaka yalipohamia kwa waendesha mashtaka wa serikali walio raia, kufuatia sheria ya mwaka 2008, mlango huo ulipungua upana. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa haki jinai, lakini hakuna aliyefungua mlango mwingine.

Dawati la Jinsia na Watoto linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linalotajwa kama ushahidi kwamba wanawake wamepewa nafasi. Chukua kesi ya kubakwa mtoto kijijini Tandahimba. Ofisa wa dawati anatoa fomu ya polisi namba tatu, PF3, mtoto aende hospitali, na saa zinahesabiwa, kwa kuwa dawa za kinga ya Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Nguo zinatakiwa zikaushwe na kufungwa kwenye karatasi. Zikitiwa kwenye mfuko wa plastiki unyevu huozesha sampuli, na Mkemia Mkuu wa Serikali hana cha kupima. Umri wa mtoto lazima uthibitishwe, na cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakipo, kwa hiyo inatafutwa kadi ya kliniki au maelezo ya mzazi. Mtoto asiyezidi miaka 14, kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi tangu marekebisho ya 2016, anaweza kutoa ushahidi akiahidi kusema ukweli, lakini ahadi hiyo isiporekodiwa vizuri mahakamani, kesi nzima inaweza kuangukia kwenye rufaa. Juu ya yote hayo mtuhumiwa mara nyingi ni ndugu au jirani, wazee wanakaa kikao wayamalize nyumbani, na siku ya kesi shahidi amehamishiwa kwa shangazi yake Nanyumbu. Anayeifikisha kesi kama hiyo kwenye hukumu amefanya upelelezi mgumu kuliko wizi wa pikipiki tano. Ila katika mazoea ya jeshi kazi yake huhesabiwa kuwa ni huduma kwa jamii, na mpelelezi wa wizi wa pikipiki ndiye anayetajwa kuwa mpelelezi. Jeshi lingeweza kulirekebisha hili bila kuongeza hata shilingi moja: miaka ya dawatini ihesabiwe kuwa miaka ya upelelezi, na ofisa wa dawati mwenye rekodi nzuri awe na haki sawa ya kushindania ukuu wa upelelezi wa wilaya.

Wilaya ndiyo shule halisi ya ukamanda, na wilaya za kusini hazibembelezi mtu. Mkuu wa Polisi wa Wilaya, OCD, huanza siku kwa kitabu cha matukio na rejista ya mahabusu, akijua kwamba mtuhumiwa anatakiwa mahakamani ndani ya saa 24. Anahakiki silaha ghalani, anagawa mafuta ambayo hayatoshi, na anaamua gari moja lililopo liende kwenye ajali au kwenye mauaji. Anakaa kwenye Kamati ya Usalama ya Wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya, na hapo anapimwa na watu ambao maoni yao hufika mbali. Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unapofunguka, Newala, Tandahimba na Masasi zinakuwa na fedha nyingi mikononi mwa watu kwa muda mfupi: kuna ulinzi wa maghala ya vyama vya msingi, malori usiku, na kesi za kangomba, ambapo mlanguzi hununua korosho za mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Kesi ya kangomba ni mtihani mgumu, kwa sababu mwathirika aliuza kwa hiari na hataki kumtaja aliyemkopesha fedha ya ada za watoto. Kando ya Ruvuma kuna mpaka, na tangu wavamizi kutoka upande wa Msumbiji walipokishambulia kijiji cha Kitaya Oktoba 2020, ofisa wa huko hawezi kufanya kazi bila kuelewana vizuri na wanajeshi na wanakijiji. Liwale, Kilwa na Nachingwea kuna ugomvi wa wakulima na wafugaji, na masika barabara zikikatika, kama ilivyokuwa Somanga wakati wa kimbunga Hidaya Mei 2024, msaada wa mkoa hauji leo. Aliyemaliza miaka mitatu ya kazi hiyo hahitaji kuombewa cheo na mtu.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya wanawake katika nafasi hizo ni kwamba jamii ya kusini haitamtii kamanda wa kike. Wanaoisema hawaangalii hata historia ya karibu. Mkoa wa Lindi umekuwa chini ya makamanda wanawake, Renata Mzinga na baadaye Pudensiana Protas, katika muongo uliopita, na mkoa haukusimama. Halima Dendego aliongoza Mtwara akiwa Mkuu wa Mkoa, Zainab Telack akaiongoza Lindi, na kwa nafasi hiyo Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa ambayo RPC huipelekea taarifa. Zaidi ya hapo, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ni watu ambao kwa asili ukoo wao hufuata upande wa mama. Neno la bibi kwenye mgogoro wa shamba au wa mtoto halikuwa geni hata kabla ya ukoloni. Haina maana kwamba hakuna ubaguzi huku. Upo, na msichana anayesema anataka kuwa polisi bado huulizwa nani atamwoa. Ila kumtii kamanda aliyesimama barabarani na sare yake, akiwa na amri halali, hakujawahi kuwa tatizo la watu wa Lindi.

Hoja yenye nguvu zaidi ni nyingine, nayo inatakiwa ijibiwe kwa heshima: kwamba wanawake wenyewe hukataa uhamisho wa wilayani. Ni kweli hutokea. Ofisa mwenye watoto shuleni Mtwara mjini akipangiwa Liwale huenda akaomba abaki, na mkuu wake akamkubalia, na wote wawili wakaona wametenda wema. Lakini tazama anachokataa. Mara nyingi wilayani nyumba za askari ni chache na chakavu, choo ni cha kuchangia, na kambi haina pa kumwacha mtoto mama akiitwa saa nane usiku. Mwanamume huenda peke yake na mkewe hubaki mjini na watoto. Jamii inaona ni kawaida. Mwanamke akienda peke yake, maneno huanza kabla hajafungua begi, na mume mwenye ajira ya serikali hahamishwi kumfuata kwa urahisi ule ambao mke huhamishwa kumfuata mume. Kwa hiyo kukataa kwake hakuonyeshi kwamba hataki kuongoza. Nyumba moja yenye vyumba vya kutosha iliyotengwa kwa ajili ya mkuu wa kituo au mkuu wa upelelezi, bila kujali jinsia, itabadilisha maamuzi mengi kuliko semina kumi za kuwahamasisha wanawake.

Wapo wanaosema njia hii ni ndefu mno, Rais ateue tu. Hapa inafaa kutazama majirani. Afrika Kusini ilimteua Riah Phiyega kuongoza polisi Juni 2012 akiwa hajawahi kuwa polisi. Miezi miwili baadaye, tarehe 16 Agosti, polisi waliwaua wachimba migodi 34 Marikana, na mwaka 2015 akasimamishwa kazi kufuatia uchunguzi wa mauaji hayo. Si haki kumtwisha mtu mmoja mauaji yale, lakini aliyekaa juu bila kuwahi kuongoza operesheni alilazimika kutegemea neno la walio chini yake katika saa mbaya kuliko zote. Zambia nayo mwaka 2012 ilimteua Stella Libongani kuongoza polisi, na Malawi mwaka 2022 ikampa Merlyne Yolamu nafasi hiyo. Hawa wawili walikuwa wamekulia ndani ya jeshi la polisi. Hapa kwetu Suzan Kaganda alifika cheo cha Kamishna na kuongoza Kamisheni ya Utawala na Menejimenti ya Rasilimali Watu, lakini kabla ya hapo aliwahi kuwa Kamanda wa Tabora na wa Kinondoni. Wanaopinga uteuzi wa kurukisha wana haki katika hilo. Wanachokosea ni kudai uzoefu wa wilaya kutoka kwa watu ambao hawakupewa wilaya.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo nayo haifai, ingawa ina nia njema: kwamba wanawake wakiongoza polisi itakuwa safi na pole. Januari 2022 maofisa na askari saba wa hapa Mtwara walifikishwa mahakamani wakituhumiwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini. Kinachozuia jambo kama hilo ni rejista ya mahabusu inayojazwa kila anapoingia na kutoka mtu, vielelezo vinavyoandikwa mbele ya shahidi, na bosi anayekagua kituo bila taarifa. Mwanamke asiyekagua ataachia maovu yale yale. Kumpa nafasi kwa sababu ya upole wa kufikiriwa ni kumwekea mtego, kwani siku atakapoamuru mabomu ya machozi ataambiwa amewasaliti wanawake. Apewe nafasi kwa kuwa ni ofisa mwenye uwezo, na apimwe kwa vipimo vya ofisa.

Jambo dogo linaloleta madhara makubwa ni udereva. Misheni za kulinda amani za Umoja wa Mataifa, ambako maofisa wa Tanzania wamehudumu Darfur na kwingineko, hupanua uzoefu na kumtoa mtu kwenye dawati. Ofisa wa polisi anayekwenda mmoja mmoja anatakiwa awe na uzoefu wa miaka mitano kazini, afaulu lugha, na afaulu kuendesha gari la 4x4 la gia za mkono. Wanaobeba silaha hupimwa shabaha pia. Katika nchi nyingi wanawake wengi wamekwama kwenye mtihani wa udereva, na sababu haina fumbo: kituoni dereva ni mwanamume siku zote, na askari wa kike hukaa kiti cha nyuma miaka kumi. Ofisa asiyeendesha hawezi hata kufika Nanyumbu usiku bila kumsubiri dereva. Mkoa unaweza kuanza kesho kwa kuwapangia maofisa wa kike zamu za udereva chini ya mwalimu, kwenye magari yaliyopo.

Mtandao wa Polisi Wanawake, ulioanzishwa mwaka 2007, umefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha na kuwatetea wanachama. Ungefanya kubwa zaidi kama kila mwaka ungedai mambo matatu kutoka kwa RPC: wanawake wangapi ni wakuu wa vituo, wangapi ni wakuu wa upelelezi wa wilaya, na wangapi walikosa kozi kwa sababu ya uzazi na wakapewa nafasi ya kwanza katika mkupuo uliofuata. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote na halihitaji sheria mpya. Amri moja ya utawala inatosha kusema kwamba aliyechaguliwa kozi akazuiwa na ujauzito jina lake halifutwi, linahamia mkupuo ujao likiwa juu. Na wanaosubiri orodha ya makamanda wa mikoa wasome na ile nyingine isiyotangazwa redioni: nani amepelekwa kuwa mkuu wa kituo Kilwa Masoko, nani amekabidhiwa upelelezi Ruangwa, nani ni OCD Liwale masika haya.